Kamera ya 4K imeshindwa kuonyesha sura ya mwizi saa nane usiku: tuzungumzie ukubwa wa sensa

#1 Mleta uzi

Wakuu, habari za jioni. Nafunga kamera za ulinzi, huu ni mwaka wa tisa sasa. Kazi zangu nyingi ni Dar na mkoa wa Pwani: nyumba za watu, maduka, yadi za magari. Huu uzi nimeukalia muda mrefu. Kilichonisukuma niuandike ni simu ya wiki mbili zilizopita.

Mama mmoja wa Mbezi alinipigia saa kumi na mbili na nusu asubuhi. Usiku wameruka ukuta, wameondoka na pikipiki ya kijana wake na mtungi wa gesi uliokuwa kibarazani. Alikuwa na imani kabisa. "Mwanangu, kamera zipo, tena za 4K. Njoo unitolee sura zao nizipeleke kituoni." Kamera hizo sikuzifunga mimi, ila nilienda. Tukakaa sebuleni, nikarudisha rekodi mpaka saa nane na dakika kumi na mbili. Wapo, wawili. Wanashuka ukutani, wanaisukuma pikipiki, na mmoja anasimama kama mita nne toka kwenye kamera, anainua kichwa na kuiangalia moja kwa moja. Nikaigandisha picha hapo hapo.

Palipotakiwa kuwa na uso palikuwa na doa jeupe lenye chenga, limeburutika kuelekea kushoto kama maandishi ya chaki yaliyofutwa kwa kiganja. Jicho hakuna, pua hakuna. Shati lina mistari au ni chenga za kamera, huwezi kusema. Nikaikuza, ikazidi kuvurugika. Mama akaniuliza taratibu, "Sasa hiyo 4K ni ya nini?"

Kamera zile alizinunua kwa mgawo wake wa kikoba. Iliniuma sana, kwa sababu aliuziwa namba ambayo saa nane usiku haina msaada.

Mchana kamera ile ni nzuri kweli. Unasoma maandishi ya mfuko wa saruji ulioegemezwa kwenye ukuta wa jirani. Na ndivyo zinavyouzwa: unaingia dukani Kariakoo saa sita mchana, taa zimewaka, skrini ni kubwa, unaonyeshwa barabara nzima hadi vifungo vya shati la mpita njia. Unalipa. Hakuna anayekuonyesha kamera hiyo hiyo kwenye uchochoro wenye giza na mtu anatembea.

Sasa twende kwenye kiini. Nyuma ya lenzi kuna kipande kidogo cha silikoni kinaitwa sensa. Hicho ndicho kinachopokea mwanga. Megapikseli ni idadi, kwa mamilioni, ya vyumba ulivyokata ndani ya kipande hicho; kila chumba ndiyo pikseli. Ni kama kiwanja: aliyejenga vyumba vinne na aliyebana vyumba kumi na sita kwenye eneo lile lile, chumba cha huyu wa pili ni robo ya cha yule wa kwanza.

Tuchukue sensa za Sony, maana ziko ndani ya kamera za chapa nyingi sana. IMX327 ni ya megapikseli 2, kila pikseli ina upana wa maikromita 2.9 (maikromita ni sehemu ya elfu ya milimita). IMX335 ni ya megapikseli 5, pikseli maikromita 2.0. IMX415 ni ya megapikseli 8, yaani hiyo 4K, pikseli maikromita 1.45. Zote tatu zina ukubwa uleule, 1/2.8, ulalo wake, yaani kona hadi kona, ni kama milimita 6.4 hadi 6.5. Kidogo kuliko ukucha wa kidole cha mwisho. Piga hesabu ya eneo: 2.9 mara 2.9 ni 8.41, na 1.45 mara 1.45 ni 2.1. Pikseli ya 4K hapo inapata robo ya mwanga unaoingia kwenye pikseli ya ile ya megapikseli 2. Mchana mwanga ni wa kumwaga, robo inatosha na kubaki. Usiku wa manane ile robo ndiyo inazaa chenga.

Namba hizi za ukubwa zinawachanganya watu, kwa hiyo zishikeni vizuri. 1/1.8 ni kubwa kuliko 1/2.8, na 1/1.2 ni kubwa kuliko zote mbili. Namba ya chini ikikua, sensa inapungua. Tena msichukue rula mkabadilisha inchi kuwa milimita, haitakubali. Vipimo hivi vimerithiwa kutoka kamera za televisheni za zamani za mirija ya kioo, na inchi ilikuwa kipenyo cha nje cha mrija. Ndiyo maana 1/2.8 kwa hesabu ya rula ingekuwa milimita 9, lakini sensa yenyewe haifiki 7. Sensa ya 1/1.8 ndiyo yenye ulalo wa karibu milimita 9.

Ninachowaambia wateja wangu siku hizi ni hiki: kwa usiku, megapikseli 4 kwenye sensa ya 1/1.8 ndiyo ndoa iliyotulia. Pikseli zinarudi kwenye maikromita 2.9, sawa na ile ya megapikseli 2, ila unazo mara mbili. Sony wana IMX347 na IMX664 za namna hiyo. Ukitaka megapikseli 8 na usiku uwe mzuri, tafuta 1/1.2, kama IMX485 au IMX585, pikseli maikromita 2.9 vilevile. Hizo bei yake imechangamka, na kamera zake ni kubwa. Katikati kuna megapikseli 8 kwenye 1/1.8, pikseli maikromita 2.0. Hiyo sio mbaya kama taa zipo. Megapikseli 8 kwenye 1/2.8 mimi naifunga ndani ya duka lenye taa tu, au kwa mtu anayetaka kuona mchana.

Jambo la pili, ambalo naona ndilo linalowaangusha watu wengi kuliko hata sensa, ni shata. Shata ni muda ambao kamera inakusanya mwanga kwa kila picha. Ukiiacha kwenye otomatiki, giza likiingia kamera inarefusha muda huo ili picha ing'ae: 1/25 ya sekunde, 1/12, nyingine zinashuka zaidi ya hapo. Ukiangalia uani penye giza hakuna mtu, picha inapendeza, majani ya mwembe unayahesabu. Akipita mtu, mambo yanabadilika. Mtu anayetembea haraka anakwenda kama mita 1.5 kwa sekunde. Kwenye shata ya 1/12 anasogea sentimita 12 na nusu kabla picha haijakamilika. Uso wa mtu una upana wa sentimita 15 hivi. Maana yake uso mzima umepakwa juu ya uso. Hicho ndicho nilichokiona Mbezi. Kwenye 1/100 angesogea sentimita moja na nusu tu.

Kwa hiyo muuzaji akikutumia picha ya usiku ya uwanja mtupu unaong'aa, muombe video ya mtu anatembea mita tano toka kwenye kamera, muda wa usiku, taa zikiwa zile zile. Asipokuwa nayo, nenda kwa mwingine.

Na zile lux (kipimo cha mwanga) 0.005 au 0.001 zilizoandikwa kwenye boksi msizitegemee. Mbalamwezi ya mwezi mpevu kabisa haifiki hata lux 1. Kiwanda kinaweza kupata namba hiyo kwa kurefusha shata na kupandisha kikuza-mawimbi (gain, kinachong'arisha picha pamoja na chenga zake) mpaka mwisho, na kwenye boksi shata haiandikwi.

Lenzi nayo ina sehemu yake. Angalia namba ya f, inayoonyesha ukubwa wa tundu la kupitishia mwanga. Ndogo ni bora. f/1.6 inapitisha mwanga mara moja na nusu ya f/2.0, na f/1.0 inapitisha mara nne ya f/2.0. Kamera za rangi usiku na mchana, kama ColorVu za Hikvision, nyingi zimejengwa juu ya lenzi ya f/1.0. Kuna kitu kinasahaulika hapa: ukibadilisha sensa, upana wa picha unabadilika pia. Lenzi ya milimita 2.8 kwenye sensa ya 1/2.8 inaona upana karibu sawa na lenzi ya milimita 4 kwenye sensa ya 1/1.8. Mtu anasoma "4mm" anadhani picha itabana, kumbe kwenye sensa kubwa ni pana tu.

Kuhusu azimio, yaani wingi wa pikseli, sikatai, lina kazi yake. Kiwango cha Ulaya EN 62676-4, toleo la 2015, kiliweka wazi: kumtambua mtu usiyemjua unahitaji pikseli 250 kwa kila mita ya upana pale alipo. Kumtambua unayemjua, 125. Kuona tu kwamba kuna mtu, 25. Sasa turudi kwa mama wa Mbezi. Kamera yake ina lenzi ya milimita 2.8. Mita nne mbele yake picha ina upana wa mita 8 hivi. Pikseli 3840 gawa kwa 8 ni 480 kwa mita, karibu mara mbili ya kinachotakiwa. Pikseli zilikuwepo za kutosha na kusaza. Kilichokosekana ni mwanga ndani yake. Kamera ya megapikseli 2 mahali pale pale ingempa 240 kwa mita, na kama shata nayo ingefungwa, zingekuwa na uso ndani.

Nilichomfanyia: kamera zake tatu nimeziacha, zinaangalia uwanja. Ya getini nimeitoa, nimeweka ya megapikseli 4 sensa ya 1/1.8, lenzi ya milimita 6. Nimeishusha toka kwenye kona ya paa mpaka kimo cha mita mbili na robo, kwa sababu juu kule ilikuwa inapiga picha kofia za watu. Umbali toka kamera hadi geti ni mita 8, upana wa picha pale ni mita 10 na kitu, anapata pikseli 258 kwa mita. Na juu ya geti tumeweka taa ya LED ya wati 10. Ikiwaka usiku mzima kwa muda wa saa 12 inakula uniti 0.12. Mwezi mzima haifiki uniti 4 za LUKU. Shata nimeifunga kwenye 1/50, isishuke hapo.

Maswali yaje, nitajibu kadiri ninavyojua.

#2 Mdau wa Morogoro

Mkuu, asante kwa uzi. Mimi boksi langu limeandikwa "4K Ultra HD" na picha ya simba. Sensa nitaijuaje?

#3 Mleta uzi

Mkuu, kwenye boksi mara nyingi hutaikuta. Chukua namba ya modeli, ile ndefu yenye herufi na tarakimu kwenye stika ya kamera yenyewe, itafute mtandaoni upate karatasi ya vipimo ya kiwanda. Mstari wa sensa huwa juu kabisa, utaona 1/2.8 au 1/2.7 au 1/3 na neno CMOS (aina ya sensa). Kama kiwanda hakikuiandika kabisa, mimi huwa nahesabu kwamba ni ndogo.

Kuna na balaa la pili: kamera za bei ya chini zinaandikwa 4K wakati sensa ndani ni ya megapikseli 2 au 3, programu inaivuta picha iwe kubwa. Weka gazeti umbali wa mita tatu mchana, halafu weka kamera ya 1080p (megapikseli 2) unayoiamini pembeni ya hiyo kamera ya 4K. Kama herufi zinasomeka sawasawa tu, 4K hiyo ni ya stika.

Halafu niambie, unarekodi kwenye nini? DVR (rekoda ya kamera za waya wa koaksio) au NVR (rekoda ya kamera za mtandao)?

#4 Mdau wa Morogoro

DVR, mkuu, chaneli nane. Kamera za waya wa koaksio.

#5 Mleta uzi

Ingia kwenye menyu ya kurekodi uangalie azimio la chaneli. DVR nyingi za bei ya kati zinapokea kamera kubwa halafu zinarekodi kwa "Lite". 1080p Lite ni 960 kwa 1080, nusu ya upana imetupwa. Ukitazama moja kwa moja picha inaonekana nzuri, ukirudisha rekodi inakuwa na ukungu. Watu wanalaumu kamera usiku kucha kumbe rekoda ndiyo imekata. Angalia kwanza hapo kabla hujatoa hela nyingine.

#6 Mdau, fundi elektroniki

Mleta uzi umeandika vizuri, ila kwenye robo ya mwanga naona umeruka hatua. Sensa ni ya ukubwa uleule, lenzi ile ile. Mwanga wote unaoingia ni uleule. Nikichukua ile picha ya megapikseli 8 nikaunganisha pikseli nne kuwa moja, narudi kwenye megapikseli 2 zenye mwanga uleule. Kwa hiyo 4K haipotezi kitu, ukitaka unaipunguza tu. Nirekebishe kama nakosea.

#7 Mleta uzi

Hoja yako ina uzito mkuu, na kwa sehemu kubwa uko sahihi. Kwa fizikia, eneo la sensa na lenzi ndivyo vinavyoamua mwanga wote. Ndiyo maana kichwa cha uzi nimeweka ukubwa wa sensa. Mtu akikuletea faili ghafi la sensa ukaunganisha pikseli nne kwa moja, tofauti inapungua sana. Inabaki kidogo, kwa kuwa kila pikseli inaongeza chenga zake yenyewe wakati wa kusomwa, na pikseli nne zinasomwa mara nne.

Shida ni kwamba kwenye kamera ya ulinzi huwezi kufika kwenye hilo faili ghafi. Picha inapita kwanza kwenye kichujio cha chenga, halafu inabanwa kwa H.264 au H.265 (njia za kupunguza ukubwa wa video), ndipo inafika kwenye diski. Kichujio kinashindwa kutofautisha chenga na ngozi ya shavu, vyote kinavilainisha. Mkandamizo nao unaona chenga kama mwendo, kila fremu ni mpya, unatumia nafasi yote ya data kuzihifadhi, uso wa mtu unabakiziwa makombo. Ukija kuziunganisha zile pikseli nne asubuhi, unachounganisha ni madoa manne yaliyolainishwa. Nimeshajaribu na rekodi ya mama, nikaipunguza hadi 1080p. Chenga zilipungua, uso haukurudi.

Kama kamera yako inaunganisha pikseli ndani yenyewe kabla ya kubana, hapo hesabu yako inasimama. Kwenye kamera za bei tunazofunga kwa wateja wa kawaida mimi bado sijaikuta.

#8 Mdau, fundi elektroniki

Hapo kwenye mkandamizo nimekuelewa. Nafasi ya data unaweka ngapi?

#9 Mleta uzi

Kwa megapikseli 4 kwenye H.265 siweki chini ya megabiti 4 kwa sekunde, na getini napandisha hadi 6. Kwa megabiti 4, kamera moja inakula gigabaiti 43 kwa siku. Kamera nne ni 173. Diski ya terabaiti 2 inakupa siku 11 na kidogo. Watu wanapenda kusikia mwezi mzima, fundi anashusha data hadi megabiti 1 ili siku zitimie. Unapata zaidi ya siku thelathini za picha usizoweza kuzitumia.

#10 Mzee mstaafu, Tanga

Vijana, mimi nimestaafu, kamera aliniwekea mwanangu. Usiku picha inakuwa nyeupe tupu kama ukungu wa Lushoto, hasa ile ya nyuma. Mchana iko safi. Mjukuu anasema kamera imekufa. Ni kweli?

#11 Mleta uzi

Shikamoo mzee wangu. Kamera yako haijafa, naamini. Ukisogea karibu nayo usiku, utaona vitaa vidogo vyekundu kuzunguka lenzi, au usivione kabisa kama ni vya nanomita 940. Hizo ni taa za infraredi, jicho letu halizioni vizuri lakini sensa inaziona kama tochi. Kitu chochote kilicho karibu na lenzi kinapigwa na tochi hiyo na kurudisha mwanga. Mara tisa kati ya kumi nikiitwa kwa tatizo hili nakuta utando wa buibui umekatiza mbele ya lenzi. Wadudu wanafuata joto na mwanga, buibui anafuata wadudu.

Mwambie mjukuu apande na ufagio laini au brashi ya rangi iliyo kavu, atoe utando, apanguse kioo kwa kitambaa safi chenye maji kidogo. Asitumie kitambaa kikavu, Tanga kuna chumvi ya bahari, atakwaruza. Kama kamera ni ya kuba, yaani ile ya bakuli la kioo, vumbi na alama za vidole peke yake vinatosha kuleta ukungu huo. Aangalie pia kama imebanwa chini ya dari jeupe au karibu na ukuta: infraredi inapiga dari, kamera inadhani kuna mwanga mwingi, inafunga, mbele kote kunakuwa giza au weupe. Dawa ni kuisogeza nje kidogo.

#12 Mzee mstaafu, Tanga

Marahaba mwanangu. Kuna nyumba nzima ya buibui. Mjukuu anapanda kesho.

#13 Dada wa Mombasa

Ndugu zangu, mie nina duka la jumla. Nataka zile za rangi usiku, zenye taa nyeupe. Je, zinashinda infraredi? Na bodaboda zinazoegesha mbele ya duka nataka nambari zao zisomeke. Fundi wangu aniambia kamera moja itafanya yote.

#14 Mleta uzi

Dada, karibu sana. Rangi ni msaada mkubwa kwa polisi: "shati la kijani, pikipiki nyekundu" ni maelezo, kwenye infraredi shati la kijani na la bluu yote yanaweza kutoka kijivu kimoja. Kwa mbele ya duka penye taa za mtaa ningechagua ya rangi bila wasiwasi, sensa 1/1.8, lenzi f/1.0. Ila jua mambo mawili. Lenzi ya f/1.0 ina kina kifupi cha uoni mkali, ukiilenga umbali wa mita 10 aliye mita moja na nusu anaweza kufifia, kwa hiyo iwekwe kulingana na mahali watu wanaposimama. Na taa yake nyeupe ikimulika dirisha la jirani utapata ugomvi, elekeza chini.

Kwa namba za bodaboda, fundi wako amekuahidi kitu kigumu. Kibati cha namba kinarudisha mwanga, na pembeni yake kuna taa ya nyuma inawaka. Kamera iliyowekwa ili ione sura gizani itakiona kibati kama kipande cheupe kisicho na herufi. Kamera ya namba inataka shata ya 1/500 au haraka zaidi, infraredi yake kali, lenzi ndefu ya milimita 12 au zaidi, na pembe ndogo kuelekea njia. Ikisetiwa hivyo, usiku picha yote ni nyeusi isipokuwa kibati na taa. Sura huoni. Ni kamera mbili, dada. Kama bajeti ni ya moja, chagua sura.

#15 Dada wa Mombasa

Nimeelewa, ahsante. Nitaanza na ya sura.

#16 Mdau wa Morogoro

Nimerudi wakuu. Rekoda ilikuwa kwenye 1080p Lite kweli. Kamera zangu zimeandikwa 8MP, DVR inazipokea lakini kubwa inayoweza kurekodi ni 1080p kamili, nimeweka hiyo. Sensa nimeipata kwenye karatasi ya vipimo: 1/2.8. Jana usiku nimejaribu kutembea kama ulivyosema, mke wangu anaangalia kwenye simu. Kwenye otomatiki mimi ni kivuli chenye miguu minne. Nikafunga shata 1/50, uso umeanza kuonekana ila picha yote imekuwa na giza, na ukutani kuna chenga nyingi. Nirudishe?

#17 Mleta uzi

Usirudishe mkuu. Giza hilo ndilo hali halisi ya uani kwako, otomatiki ilikuwa inalificha. Sasa ongeza mwanga. Nenda na taa moja ya LED uishike kwa mkono kabla hujaifunga, mkeo akiwa na simu, uzunguke nayo mpaka uso wako utoke vizuri ukiwa unatembea. Taa isikae nyuma ya mtu anayeingia, itamfanya kivuli. Ikae upande wa kamera, juu kidogo na pembeni, angalau mita moja toka kwenye lenzi ili wadudu wake wasicheze mbele ya kamera. Ile WDR (inayosawazisha penye mwanga na penye giza) kama ipo kwenye menyu, izime kwa ratiba ya usiku, inapandisha chenga penye giza. Kichujio cha chenga kiweke katikati, kikiwa juu kabisa mtu akipita anaacha mzuka nyuma yake.

#18 Mdau wa Morogoro

Nimefunga taa juu ya mlango wa stoo, wati 9. Saa nne usiku hii nimepita mara tatu, mara ya mwisho nikiwa nimevaa kapelo. Mke wangu amesoma maandishi kwenye kapelo. Chini ya kapelo uso ni nusu, kamera iko juu sana.

#19 Mleta uzi

Iko kimo gani?

#20 Mdau wa Morogoro

Mita tatu na nusu, chini ya paa.

#21 Mleta uzi

Ishushe hadi mita mbili na robo au mbili na nusu, waya upite kwenye bomba la chuma mpaka ukutani usije ukakatwa. Ukiwa na kamera nyingine na chaneli iliyobaki, iweke pale juu, itaangalia hii ya chini. Halafu pita tena na kapelo.